Mzambarau wa Chemchemini



Juma lililopita hatukuandika neno, na baadhi yenu mmetuuliza kulikoni. Hatukuwa wagonjwa wala safarini. Tulikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu akishika kalamu hujitetea tu. Kwa hiyo tuliona heri kungoja hadi tuweze kuieleza habari yenyewe jinsi ilivyokuwa. Leo twaisimulia. Ni habari ya mti, na mti huo wengi wenu mnaufahamu, au mnadhani mnaufahamu, kama tulivyodhani sisi.

Parokia yetu, kama mjuavyo, iko kwenye miteremko ya chini ya milima ya Usambara, mahali ambapo mtu akisimama asubuhi isiyo na ukungu huziona tambarare za Tanga zikinyooka kuelekea baharini. Chini ya nyumba ya mapadre kuna bonde dogo, na ndani ya bonde hilo kuna chemchemi. Shule ya msingi, zahanati na vitongoji viwili hunywa maji ya hapo. Kiangazi cha mwaka huu, kama cha mwaka jana na cha mwaka juzi, maji yalipungua. Zamani ndoo ilijaa kabla akina mama hawajamaliza kusalimiana. Sasa husalimiana, hupeana habari za wagonjwa, za michango na za arusi, na ndoo bado iko nusu.

Tuliitisha kikao cha kamati ya maji, nasi ndio tuliokiongoza. Mjumbe mmoja alikuwa ametoka kwenye semina iliyohusu mimea vamizi, yaani mimea iliyoletwa kutoka mbali, kisha ikaanza kujieneza yenyewe na kuisonga ile ya asili. Alikuja na karatasi yenye picha na majina, tukaipitisha mkono kwa mkono. Tulipofika kwenye jina la mzambarau, mtu akasema kwa sauti: "Si ndiyo hii iliyopo chemchemini?" Basi, kila mmoja akakumbuka kosa la mzambarau. Kwamba haupukutishi majani hata katika kiangazi kikali, kwa hiyo lazima unakunywa maji mwaka mzima. Kwamba matunda yake huoza njiani na kuwatelezesha wachota maji. Kwamba chini ya kivuli chake hakioti kitu. Kwamba ni mti wa kigeni, na mgeni hawezi kuwa na uchungu na maji yetu. Hili la mwisho liliwachekesha watu, nasi tulicheka.

Kikao hakikuchukua hata nusu saa. Tuliandika katika muhtasari kwamba mizambarau yote 11 inayoizunguka chemchemi ikatwe, tukatia sahihi. Hatukumwita ofisa misitu. Hatukuomba kibali. Hata kwenda kuitazama miti yenyewe hatukwenda, kwa maana tulikuwa tukiiona kila siku.

Jumamosi vijana walikuja na mapanga, mashoka na msumeno wa mashine tuliouazima. Walianza na mti mkubwa kuliko yote, ule uliokuwa umeinama juu ya maji, ambao watoto walizoea kukalia mizizi yake wakingoja zamu. Ulichukua muda mrefu. Ulipoanguka, mwanga uliingia chemchemini kwa ghafula, na vijana wakapiga makofi. Vumbi lilikuwa bado halijatulia alipofika bibi mmoja mjane, mzaliwa wa kitongoji hicho, ambaye alikuwa mtu mzima wakati sisi tukiwa bado hatujabatizwa. Hakupiga kelele. Alikiweka chini kibuyu chake, akatutazama sisi, si vijana.

"Baba, mmeukosea nini mshihwi huu?"

Tukamjibu kwa upole wa mtu anayejua: "Bibi, huu ni mzambarau. Umo katika orodha ya miti vamizi."

"Mzambarau uko kule shuleni. Huu ni mshihwi. Haukuja na mtu, tuliukuta."

"Lakini, Bibi, matunda yake si zambarau hizi hizi?"

"Mtoto wa jirani akifanana na wako, Baba, utamwita kwa jina la wako?"

Tungependa kuwaandikia kwamba tulisimamisha kazi kwa sababu ya maneno hayo. Sivyo. Msumeno uliishiwa mafuta, na kijana aliyetumwa mjini kuyaleta alirudi jioni. Ile miti 10 iliyosalia ilipona kwa chupa ya petroli.

Usiku ule tuliweka mezani matawi mawili, moja la mti ulioanguka na jingine tulilolikata shuleni, tukayatazama kwa taa. Tuwaambie ukweli: hatukuona tofauti. Yote mawili yalikuwa na majani magumu kama ngozi, yenye kung'aa, yamepangana wawili wawili kwa kuelekeana, yasiyo na meno ukingoni. Yote mawili yalikuwa na majani machanga yenye wekundu. Tulilala tukijiambia kwamba bibi amezeeka.

Siku ya Jumanne alifika ofisa misitu, binti mdogo kwa umri, ambaye habari zilikuwa zimemfikia kabla hatujamwita. Tulitazamia karipio. Badala yake aliomba kikombe cha chai, kisha akayaomba yale matawi. Alipoona kwamba tumemwekea vijitawi vifupi vya majani matupu, alitabasamu. "Baba Paroko, jani peke yake ni shahidi mmoja. Nahitaji tawi refu, lenye maua kama yapo, na mahali maua yalipotokea." Tulishuka naye bondeni, na saa mbili alizokaa nasi zimetufundisha kuliko miaka yote tuliyopita chini ya miti hiyo na kitabu cha sala mkononi.

Alianza na sababu ya kukosea kwetu. Miti hii miwili ni ndugu kweli. Wataalamu wameiweka katika jenasi moja, Syzygium, na jenasi hiyo iko ndani ya familia moja na mpera na mkaratusi. Mkarafuu nao ni wa jenasi hiyo hiyo. Ukiwa na mashaka, alisema, inua jani la mmoja wapo ulielekeze kwenye jua: utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, navyo ni vifuko vya mafuta yenye harufu. Kisha tazama ukingoni: utaona mshipa mwembamba ukitembea sambamba na ukingo wa jani, ukiipokea mishipa yote midogo itokayo katikati. Tuliinua, tukaona. Lakini alama hizo, akatuonya, hukutajia ukoo tu, hazikutajii mtu. Sisi tulikuwa tumeuona ukoo tukadhani tumemwona mtu.

Mzambarau wenyewe, ule uitwao na wataalamu Syzygium cumini, asili yake ni Bara Hindi na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Mshihwi, ambao Waswahili wengi huuita mzambarau mwitu, ni Syzygium guineense, mti wa Afrika, ambao huonekana sana kando ya mito na mahali penye maji, ingawa hauishi huko tu. Alama aliyoisisitiza kuliko zote ni mahali maua yanapotokea. Kwa mzambarau wa kigeni, vishada vya maua hutokea zaidi nyuma ya majani, kwenye sehemu ya tawi ambayo majani yamekwisha kuanguka. Kwa mshihwi, vishada hukaa kwenye ncha ya tawi, juu ya majani, kama mtu aliyejitwika. Maua yenyewe hayana fahari: ni vijinyuzi vyeupe vingi vilivyosimama pamoja, na nyuki huyapenda. Tulikwenda mti kwa mti. Ulipokosa maua, alitafuta vikonyo vikavu vya msimu uliopita, navyo vilitosha.

Kisha alitushikisha vijitawi. Vile vichanga vya mshihwi, ukivizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, utazihisi pembe zake. Vya mzambarau ni mviringo, au vimebonyea kidogo tu. Kisha majani: ya mzambarau yana mishipa ya pembeni mingi sana, myembamba, iliyosongamana na kunyooka kama mistari ya daftari, na ukilifikicha jani bichi na kulinusa utapata harufu kali iliyo karibu na tapentaini, ile ambayo mafundi rangi huoshea brashi. Hapo pua zetu zilitofautiana, na mwenzetu mmoja alidai kwamba ananusa dagaa, basi tukaiacha alama hiyo iwe ya kuunga mkono tu, si ya kuhukumia. Matunda tulilazimika kuyakumbuka, maana msimu ulikuwa bado. Zambarau za kigeni ni ndefu kidogo, nyingine hupinda kama maharage, na hufikia sentimita mbili na nusu au zaidi. Za mshihwi ni fupi na zimeviringana zaidi, hukaa kwenye sentimita moja hadi moja na nusu. Zote hugeuka kutoka kijani hadi wekundu hadi weusi wa zambarau, zote zina mbegu moja, zote hutia rangi ulimi. Tulikuwa tumemwambia yule bibi kwamba matunda ni yale yale, wala hatukuwahi kuyaweka pamoja kwenye kiganja kimoja.

Yupo ndugu wa tatu katika nchi yetu, Syzygium cordatum, nao hupenda kingo za maji. Huo hausumbui: majani yake karibu hayana kikonyo kabisa, na chini yamejikata mfano wa moyo yakalikumbatia tawi. Bondeni kwetu haukuwapo, lakini baadhi yenu mnaosoma kutoka nyanda za juu huenda mnao, na tunawaomba msiuingize katika kesi isiyouhusu.

Tuliporudi kuketi, ofisa alitusomea hesabu yake. Katika miti 11, miti 7 ni mishihwi, na miti 4 ni mizambarau ya kigeni. Mti tulioukata ni mmoja wa ile 7. Alikitazama kisiki, akapima upana wake kwa kamba, akaandika. Hakutuambia ulikuwa na umri gani, nasi hatukuuliza.

Tumekuwa tukilifikiri sana jina lile la mzambarau mwitu. Twasema "mwitu" juu ya kitu kisicho cha nyumbani: nguruwe mwitu, mbwa mwitu. Lakini tazameni lugha yetu ilivyofanya hapa. Mti uliovuka bahari ndio uliopewa jina tupu, mzambarau, bila nyongeza, kana kwamba ndiye mwenye nyumba. Ule uliokuwapo tangu zamani ukaongezewa neno la kuuweka kando. Wahindi huuita mti wao jamun au jambul, na sikio halikosi kusikia ujamaa wa majina hayo na letu. Tunda lake lilipendwa pwani hata likatupa jina la rangi. Kila Kwaresima na kila Majilio tunavaa kasula ya rangi ya zambarau, wala haijatupitia akilini kwamba tunaitaja rangi ya toba kwa jina la mti ambao baadaye tungeuhukumu kwa ugeni wake, tena tukimkata ndugu yake aliye mwenyeji.

Wala si sisi tu tuliousafirisha. Idara ya kilimo ya Marekani ilipokea mbegu za mzambarau kutoka Ufilipino mwaka 1911 na kutoka Java mwaka 1912, na mwaka 1920 ilipokea nyingine kutoka Zanzibar. Ndiyo, wapendwa, kutoka Zanzibar. Waliupanda Florida kwa ajili ya kivuli na matunda, na leo umo katika orodha ya mimea vamizi ya huko. Hawaii umeingia misituni, na Afrika Kusini sheria yao ya viumbe vamizi inautaja. Pwani yetu na visiwani nako umeota wenyewe vichakani bila kupandwa na mtu. Ndege na popo hula tunda na kuidondosha mbegu mbali, nayo mbegu hiyo ina ajabu yake: moja huweza kutoa miche miwili, mitatu au zaidi. Miche ikisongamana chini ya mti, kivuli cha mwaka mzima huwanyima wengine mwanga. Ukiukata, kisiki huchipua tena. Kwa hiyo yule mjumbe wetu wa semina hakudanganya, na karatasi yake haikuwa na kosa. Mti ulioandikwa mle ulikuwa wenyewe. Kosa lilikuwa letu tulioishika karatasi kwa mkono wa kuume na shoka kwa mkono wa kushoto, pasipo kutumia macho katikati.

Watu wa milima hii tungepaswa kuwa wa kwanza kujifunza. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale Amani bustani kubwa ya mimea, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia ili wajaribu ipi itafaa kwa mpira, kwa mbao, kwa dawa, kwa matunda. Mingi ilikufa au ilibaki pale ilipopandwa. Michache ilitoka. Unaojulikana zaidi ni msizi, Maesopsis eminii, ambao haukutoka hata ng'ambo ya bahari: asili yake ni Afrika hii hii, pamoja na upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Ulipandwa Usambara ya Mashariki, msitu ulipokatwa mbao ukapata nafasi, na hondohondo wakala matunda yake wakaieneza mbegu hadi ndani ya msitu. Mti unaweza kuwa wa nchi yetu kwenye ramani ya siasa na bado ukawa mgeni mlimani.

Na hapa tungependa kusema neno dhidi ya kicheko chetu cha kikaoni. Ugeni si kosa. Mwembe ulio mbele ya kanisa ulitoka Bara Hindi. Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, na mpera pia. Mkarafuu, ndugu wa mzambarau, ulitoka visiwa vya Maluku, na hakuna awezaye kuifikiria Pemba bila huo. Atakayekataa kila mmea uliokuja na mtu, Ijumaa atafunga na Jumapili pia atafunga. Swali linalopasa kuulizwa ni jingine: je, mmea huu hukaa pale ulipopandwa, au huondoka wenyewe kwenda mahali usipotakiwa, na ukifika huko unamfanyia nini aliyekuwapo? Mpera, kwa mfano, ni mgeni anayejieneza sana kuliko mwembe, ingawa sote twaula kwa furaha. Swali hili lahitaji mtu aende akatazame miche chini ya mti na kando ya mto, na halijibiwi kikaoni.

Tumehubiri mara nyingi juu ya mfano wa ngano na magugu katika Injili ya Mathayo, na mara nyingi tumeuharakisha. Gugu lile la nchi ya Palestina, kwa maelezo ya wanaolijua, hufanana na ngano hadi masuke yatokeapo. Kabla ya hapo hata mkulima mzoefu huweza kukosea. Tulikuwa tukiwaeleza waamini kwamba yule mwenye shamba alikuwa mvumilivu. Sasa twaona kwamba alikuwa pia mtu anayeijua mimea yake, na alijua ni wakati gani haiwezekani kuitofautisha. Watumishi wake ndio waliofanana nasi.

Linabaki jambo ambalo ndilo lililotunyamazisha juma lililopita.

Kabla ya kuondoka, ofisa alimwomba kijana ashike ncha ya kamba ya kupimia pale maji yanapotokea, naye akapanda nayo mteremko kuelekea nyumba ya mapadre. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa, na kipimo hicho ndicho alichokitumia kwa chemchemi yetu. Alipanda mita 10, mita 15. Penye mita 19 akasimama, kwa kuwa alikuwa amefika kwenye mstari wa kwanza wa mahindi. Aliendelea. Mita 60 ziliishia katikati ya shamba, karibu na mnazi. Shamba hilo ni la parokia. Tumelilima miaka 12, na kila mwaka tumeshuka tuta moja au mawili kuelekea chini, kwa sababu udongo wa huko ni mweusi na una unyevu. Hakuna kikao cha kamati ya maji kilichowahi kulitaja shamba hilo. Mwenyekiti wa kikao mnamjua.

Ofisa hakusema kwamba shamba ndilo lililoikausha chemchemi. Ni mtu mwangalifu na hakuwa na vipimo vya kulithibitisha. Alisema tu kwamba ardhi iliyolimwa na kuachwa wazi huiachia mvua ipite juu juu na kuchukua udongo, na ardhi yenye mizizi na majani makavu huinywa mvua na kuitoa polepole. Alituonyesha mchanga uliojaa kwenye birika la kuchotea maji. Mchanga ule tulikuwa tumeuona kila siku, kama tulivyoiona miti.

Basi tumefanya nini? Jumapili baada ya Misa ya kwanza tuliwasomea waamini muhtasari wetu wa zamani, tukaeleza jinsi tulivyokosea, tukaufuta mbele yao. Tulimwomba bibi msamaha kwa kumtaja, naye akakaa kimya, kisha akasema kwamba kuni za mshihwi zigawiwe wazee na zisiende jikoni kwa mapadre. Zimegawiwa. Mahindi yaliyo ndani ya mita 60 tumeyaacha yakomae kwa kuwa yamebaki majuma machache, na hayo yatakwenda shuleni. Baada ya hapo sehemu hiyo haitalimwa tena. Mhasibu wa parokia hakufurahi, na ana haki ya kutofurahi, kwani yeye ndiye atakayetafuta fedha za kuziba pengo.

Kuhusu mizambarau 4 ya kigeni palikuwa na mabishano marefu, safari hii zaidi ya saa mbili. Vijana walitaka ikatwe mara moja ili kazi iwe na maana. Akina mama wawili huuza zambarau stendi kila msimu, na walitaka kujua watauza nini. Mzee mmoja hukausha mbegu zake na kuzisaga kwa ajili ya sukari, kama wafanyavyo watu wa India tangu zamani. Muuguzi wa zahanati alisimama kumwambia asiache vidonge vyake, na wawili hao waliendelea nje hadi jua likazama. Mwishowe tulikubaliana hivi: miti 3 iliyo karibu na maji itaondolewa mmoja mmoja, kwa kibali, baada ya miche ya mishihwi iliyopandwa kando yake kushika, ili bonde lisiachwe uchi. Visiki vitachungwa, machipukizi yake yakatwe kila yanapotokea. Mti wa 4, ulio juu ya njia, mbali na maji, utabaki, na chini yake miche itang'olewa kila mwaka. Lipo la kututuliza: mbegu ya mzambarau haihimili ukavu na hufa upesi, haikai ardhini miaka mingi ikingoja kama mbegu za magugu mengine. Kazi ya kung'oa ikifanywa vizuri msimu baada ya msimu, ina mwisho.

Wengine wataona kwamba tumeulegezea mti vamizi. Inawezekana. Ofisa naye angependa yote 4 iondoke, na ametuambia hivyo waziwazi. Tumeuacha ule mmoja kwa ajili ya akina mama wa stendi na kwa ajili ya watoto, tukijua kwamba popo hawatasoma muhtasari wetu.

Miche ndiyo inayotutia wasiwasi sasa. Haina maua, haina matunda, na vijitawi vyake ni vyembamba mno kuhukumiwa kwa vidole. Ukiona miche miwili au mitatu imetoka katika mbegu moja, ni dalili ya mzambarau wa kigeni, lakini si kila mbegu hutoa zaidi ya mmoja. Tulimwuliza bibi yeye huitambuaje. Aliinama, akapita katikati yake akigusa huku na huku: huu, huu, huu siyo, huu. Tulimwomba atueleze alama. Alifikiri kidogo akasema, "Baba, wewe wanao wa Komunio ya kwanza huwatambuaje?" Ofisa amechukua miche 6 aliyoigawa bibi, ameipanda kwenye vifuko vilivyoandikwa namba, aone itakapokua kama bibi alipatia. Matokeo tutawaandikia, ingawa yatachukua miaka.

Kisiki cha mshihwi kimechipua. Jana jioni tulishuka tukahesabu machipukizi 9, mekundu, laini, na tukayagusa kwa kidole gumba na cha shahada: yana pembe. Vijana wamekizungushia ua wa matawi ili mbuzi wasikifikie.

Jumamosi hii, saa 2 asubuhi, tutang'oa miche bondeni. Anayekuja aje na jembe dogo, na asing'oe chochote kabla bibi hajakiona.